Waya Unaokumbuka Urefu Wake

Kijana aliyewahi kupinda waya akaunda gari la kuchezea ana nusu ya ufundi tunaotaka kuuzungumza wiki hii. Nusu ya pili imo ndani ya waya wenyewe. Nao ni nitinoli, aloi ya nikeli na titani ambayo William Buehler alianza kuichunguza katika maabara ya jeshi la majini la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukivutwa ukiwa baridi, hurefuka. Ukipashwa joto, huurejea urefu wake wa awali, na katika kurejea huko huvuta kilichofungwa nao.

Wajenzi wa modeli wanaupenda kwa kuwa hauna kelele wala haudai nafasi. Katika reli ndogo za mezani, waya mwembamba kama unywele hufichwa ndani ya nguzo, ukauinua mkono wa ishara taratibu, kama upandavyo ule wa kweli.

Tuchukue waya wenye unene wa milimita 0.1. Ukipitishiwa umeme wa ampea 0.2 hivi, hufupika kwa asilimia 4 na huvuta uzito wa gramu 140 hivi. Basi sentimita 10 zitakupa milimita 4 tu. Ukitaka mwendo mkubwa zaidi, ufunge karibu na egemeo la mkono. Mwendo utaongezeka, nguvu itapungua.

Wengi hukwama hapa: waya huu unajua kuvuta, haujui kusukuma. Sharti iwepo springi ndogo, au uzito, wa kuurefusha tena unapopoa. Na kupoa nako kuna muda wake. Waya huo mwembamba huchukua takriban sekunde moja. Mnene hukawia zaidi. Kwa hiyo anayetaka nguvu zaidi, tungemshauri afunge nyaya mbili nyembamba sambamba kuliko kununua mmoja mnene.

Linalosikitisha zaidi ni waya kufa kimyakimya. Sentimita 10 zake zina ukinzani wa omu 12 na ushei, hivyo volti 2.5 zinautosha. Betri mbili za kawaida hutoa 3. Tofauti yaonekana ndogo, lakini swichi ikiachwa imewashwa joto hupita kiasi, na kumbukumbu hupotea. Haukatiki wala hautoi moshi. Unabaki waya tu, na fedha imekwenda. Rizista ya omu 3 pamoja na swichi ya kubonyeza na kuachia vitaunusuru. Wala usiulehemu, kwani moto huo huiharibu ncha na risasi haishiki vyema. Ubane ndani ya kineli cha shaba.

Mzazi naye akae karibu. Waya hufikia nyuzijoto 70 au 90 na huunguza kidole, na kamwe usiunganishwe na umeme wa ukutani. Mwanafunzi wa sekondari aliyekwisha kusoma habari za wenzo na ukinzani anaweza kuisimamisha ishara moja kwa jioni chache. Aanze kwa kuufanya mkono urudi wenyewe kwa springi, ndipo afunge waya.