Likizo ya Wawili, Bila Msiba Wala Harusi

BARAZANI na Tabu Mkwizu

Watu wa rika langu tunasafiri kwa sababu tatu: msiba, harusi na mjukuu aliyezaliwa. Safari nyingine yoyote lazima ijieleze. Mama mwenye umri wangu akisema anakwenda kisiwani na mumewe kukaa tu, kula samaki na kutazama maji, ataulizwa kama kuna mgonjwa huko, au kama wamenunua kiwanja.

Nimeulizwa yote mawili. Kitinda mimba wetu ameajiriwa Mwanza, wakubwa zake wana miji yao, na nyumba yetu ya Kihonda, Morogoro, inalaza watu wawili na paka. Tangu tuoane hatujawahi kuuona mwaka usio na ada, na huu ndio wa kwanza. Basi tukasema twende kisiwani. Nchi hii ina Unguja, Pemba na Mafia, na maelekezo tele ya kumfikisha huko mgeni wa Ulaya, lakini mwalimu mstaafu wa Kihonda na mkewe ni nadra kuandikiwa neno.

Watoto waliposikia walitaka kutupangia. Binti yangu wa Dodoma akanitumia picha za hoteli ya Nungwi: muziki kando ya bwawa hadi usiku wa manane, na kitanda kilichomwagiwa maua kwa ajili ya maharusi. Nungwi sina ugomvi nayo. Maji yake hayakimbii mbali wakati wa kupwa kama yanavyofanya Paje na Jambiani, na hiyo ni sababu mojawapo ya hoteli kujazana upande ule. Ila mwanangu alikuwa anapanga likizo yake yeye, nasi tungekuwa tumeazimwa tu. Mwenye pesa na magoti yanayouma ndiye apange.

Jambo ambalo litanikosanisha na wengi ni hili: usifikie kwa ndugu. Najua tulivyolelewa. Shemeji yuko Unguja, ana chumba, na kupanga hoteli huku yeye yupo ni tusi. Lakini tuseme ukweli. Ukifika kwa shemeji unafika na mchele, sukari na vitenge. Asubuhi mama uko jikoni, maana huwezi kukaa mikono mitupu nyumba ya watu, na baba yuko kibarazani anapokea salamu za mtaa mzima. Siku ya pili unaambiwa kuna hitima ya jirani, na haipendezi kutokwenda. Utarudi bara hujaugusa mchanga. Shemeji asalimiwe, aletewe zawadi zake, mle naye chakula cha mchana, kisha jioni mlale mlipolipia. Akinuna, atasahau.

Kuhusu majira sitasema mengi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ni nyingi na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Julai na Agosti Wazungu wako likizo, na bei hupanda pamoja nao. Krismasi na Mwaka Mpya ni vivyo hivyo. Ramadhani nayo iangalieni kwenye kalenda, kwa sababu Zanzibar mchana wa mfungo hamtakula hadharani, na nje ya hoteli migahawa mingi hufungwa. Yatazameni pia maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani ya mashariki ya Unguja hukauka hadi mbali, na kina mama wa mwani huingia kazini mahali mlipodhani mtaogelea. Mimi napenda kuwatazama, ila mwenye hamu ya kuogelea achague siku za maji mafu au aende upande mwingine.

Sisi tumechagua Mafia, mwisho wa Januari. Mwezi ule ule tuliokuwa tukihesabu noti za ada na daftari, safari hii tutahesabu nauli.

Mume wangu, Baba Neema, alifundisha historia sekondari maisha yake yote ya kazi, na ndiye aliyekitaja kisiwa hiki. Mimi nilifikiria papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote baharini, ambaye tangu Oktoba hadi Machi huonekana jirani na mji wa Kilindoni akichuja vijidudu vya maji na asimdhuru mtu. Wengi huingia majini kuogelea naye. Mimi nitamtazama nikiwa ndani ya boti, nimevaa boya, na asinicheke mtu. Mume wangu alifikiria meli. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar, kisha ikajificha kwenye mikono ya Mto Rufiji, ndani ya mikoko, ambako meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata. Januari 1915 Waingereza wakaitwaa Mafia. Julai mwaka huo ndege zilizoruka kutoka kisiwani zikawa zinaelekeza mizinga ya meli zao ndogo, na Königsberg ikafia mle mtoni. Ameyachora hayo ubaoni kwa chaki miaka nenda rudi, na bahari yenyewe hajaivuka.

Pana na mengine. Kisiwa cha Chole kina magofu yaliyomezwa na mizizi ya miti, kwani hapo ndipo ulipokuwa utawala kabla ya kuhamishiwa Kilindoni. Pana popo wakubwa wanaoning'inia mchana juu ya miembe. Juani, kisiwa cha jirani, pana magofu ya mji wa Kua. Eneo la bahari ya kusini ni Hifadhi ya Bahari, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa 1995, na kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa na ukitoe bila aibu. Popote mtakapokwenda, kabla ya kulipa chochote ulizeni bei ya mwenyeji. Hoteli nyingi zinayo, ila usipouliza hutajiwa.

Dawa za presha za siku zote na za ziada zikae kwenye mkoba wa mkononi. Bima ya afya, pigeni simu mjue inapokelewa hospitali gani huko.

Linalowatisha wenzangu nililigundua kwenye mazungumzo ya wanawake saluni, na halihusu bei. Mmoja alisema wazi: nitazungumza naye nini siku tano? Tukacheka, kisha tukanyamaza, maana swali lilikuwa la kila mmoja wetu. Kwa miaka mingi mazungumzo ya mume na mke katika nyumba zetu yalikuwa taarifa za utawala. Fulani amepata daraja la ngapi. Sare imebana. Mwalimu mkuu ametuita. Ukiwaondoa watoto, unabaki na mwenzako anayekunywa chai kwa sauti uliyoacha kuisikia zamani. Wapo waliojaza kimya hicho kwa kuku wa mayai, wengine kwa vikoba na kwaya, na wengine wameleta wajukuu wawalee upya ili nyumba ipige kelele.

Siamini kwamba kisiwa kinatibu ndoa. Watu wanaogombana Kihonda watagombana Utende kule Mafia, tena huko hakuna chumba cha pili cha kwenda kununia. Ila kupanga safari kumetupa ugomvi mpya, na ugomvi mpya una raha yake. Tumebishana juu ya chandarua, juu ya kula hotelini au kwa mama lishe wa Kilindoni, juu ya nani apeleke funguo kwa jirani. Juzi nimejua mume wangu anaogopa ndege. Muda wote huu nilidhani anabana matumizi.

Hapo ndipo tulipokwama. Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hutua Kilindoni kabla hujamaliza kusali, na mzigo wako usizidi kilo 15 hivi. Njia ya pili ni basi la kusini hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, kisha kupanda chombo cha majini na kukaa humo saa kadhaa. Nyamisati iko kwenye delta hiyo hiyo ya Rufiji, na Baba Neema ameshika hapo: hawezi kuipita juu kwa juu meli aliyoifundisha maisha yake yote. Mimi kichefuchefu cha bahari nakijua. Tumekubaliana kwenda kwa maji na kurudi kwa ndege. Tiketi ya kurudi nimekwishailipia, asije akabadili mawazo akifika kule.