Madiwani, tusomeeni sheria ndogo kabla ya kuzipitisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze kero inayotusumbua sisi wafanyabiashara wadogo wa mazao hapa Mlowo.

Msimu uliopita nilipakia gunia nane za mahindi kwenye kirikuu kuelekea Tunduma. Kwenye geti moja la ushuru nikaambiwa nilipie zote. Nikamweleza kijana wa geti kwamba tangu bajeti ya mwaka 2017/18, mazao yasiyozidi tani moja yakitoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru. Akanijibu, "Mzee, sisi tunafuata sheria ndogo ya halmashauri." Nikamwomba anionyeshe. Hakuwa nayo. Alikuwa na mashine ya risiti na karatasi ya bei iliyochakaa, haina muhuri wala namba ya Tangazo la Serikali. Nikalipa, maana dereva alishaanza kunung'unika. Baadaye nilifuatilia nakala ofisini, nikazungushwa wee, mwisho nikaambiwa iko kwa mwanasheria na mwanasheria kasafiri.

Simlaumu yule kijana. Lawama zangu ni kwa madiwani. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imewapa mamlaka ya kutunga sheria ndogo, lakini imewawekea sharti: kabla rasimu haijapelekwa kwa Waziri kuidhinishwa, wakazi watangaziwe, na mwenye pingamizi asikilizwe. Hata halmashauri ya kijiji haitungi sheria yake ndogo bila kwanza kuita mkutano wa kijiji. Kama kijiji chenye ofisi ya chumba kimoja kinabanwa kusikiliza watu wake, halmashauri yenye mwanasheria na magari inashindwa nini?

Kwa ninavyoona, katika halmashauri nyingi tangazo hubandikwa makao makuu, ambako mkulima hafiki. Diwani hupewa kabrasha zito, akaingia nalo barazani, akanyoosha mkono. Kwenye barabara na madarasa atabishana hadi jioni, na ni haki yake. Ila sheria itakayomtoza mama wa sokoni kila siku inapita bila swali.

Tena angalia sheria zenyewe zinahusu nini: ushuru, ada, faini. Mlowo imekaa kwenye barabara kuu. Malori yanaegeshwa hadi milangoni mwa maduka, na pumba za mashine za kukoboa zinaziba mitaro mvua zikianza. Hayo ndiyo yanayotaka sheria ya hapa hapa. Bunge la Dodoma haliwezi kutuamulia lori lilale wapi Mlowo. Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka hayo yananifikia vipi kama sheria inayonihusu naikuta getini, tena kwa maneno ya mdomo?

Waheshimiwa mliochaguliwa Oktoba 2025, bado mna muda. Kila rasimu ije kwanza kwenye mikutano ya vijiji na vitongoji, isomwe kwa Kiswahili cha kueleweka, mtusikie. Ikishatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, nakala ikae ofisi ya kila kata na kila geti la ushuru. Mtoza ushuru asiye na nakala asitoze.

Mfanyabiashara wa mazao,
Mlowo, Songwe