Gari la Jeshi Libaki na Injini Yake

Watu wanaopita uani kwangu hapa Moshi na kuiona Landrover yangu ya zamani hunipa ushauri uleule: ng'oa injini hiyo, weka ya Toyota ya dizeli, upumzike. Wanasema kwa nia njema. Kwa gari la kubebea majani ya ng'ombe, au la kupeleka watalii Serengeti, ni ushauri sahihi kabisa. Kwa gari lililotoka jeshini, ambalo mtu analifufua nyumbani ili lisipotee, ni ushauri mbaya, na ningependa kueleza kwa nini.

Gari lenyewe ni Landrover 109 ya Series III, ile ndefu, ya petroli, yenye injini ya cc 2,286. Lilitoka jeshini kwa mnada, likabeba mbao na magunia ya mahindi kwa miaka mingi, mwisho likaachwa shambani huko Himo, kuku wakitagia ndani. Hata hivyo bodi yake ilikuwa imara. Landrover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa adimu, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Utaratibu huo uliendelea hadi kwenye Series III, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1971. Alumini haishiki kutu, lakini chesisi ni chuma, nayo huoza kuanzia ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Na pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, ikawa unga mweupe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtu anayefufua gari la namna hii haiko kwenye injini. Analala chali chini ya gari na nyundo ndogo, anagonga chesisi kipande kwa kipande huku akisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza huitika kwa sauti nzito. Palipooza panakatwa, panachomelewa kipande kipya, na palipo pazima panaachwa palivyo.

Nikiwa chini huko nikikwangua tope lililoganda kwenye difu ya nyuma, nilikuta rangi nyeupe. Juu yake, kwenye chesisi, palikuwa na kitaa kidogo kinachomulika chini. Anayejua magari ya jeshi anaelewa mara moja. Msafara wa kijeshi ukitembea usiku huzima taa kubwa ili adui asiuone. Dereva wa nyuma hufuata doa jeupe la difu ya gari lililo mbele yake, linalomulikwa na kitaa hicho tu. Ningelipeleka gari hili gereji likapulizwe rangi nyeusi chini kote, kama inavyofanywa kwa kila gari, ushahidi huo wa namna watu walivyoendesha usiku ungefunikwa kwa siku moja.

Hali ni hiyohiyo kwenye milango. Chini ya rangi ya juu kuna rangi ya mchanga, chini yake kijani, na ndani ya mlango wa dereva kuna namba iliyoandikwa kwa brashi. Nimetumia msasa wa maji, polepole, na barakoa usoni, kwa kuwa rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Nawasihi wenzangu pia wasipulize vumbi la breki kuukuu kwa kompresa: breki nyingi za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Namba ya mlangoni nimeiacha ilipo. Alama za jeshi sizirudishi kwenye bodi, kwa sababu raia hana haki ya kujifanya askari barabarani. Kuhifadhi ni kutunza kilichopo.

Sasa tuje kwenye injini. Anayenisaidia ni mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyefanya kazi ya ufundi jeshini ujanani. Anapofungua kisanduku chake cha vifaa, humo mna spana za inchi. Vijana wengi wa gereji wana spana za milimita peke yake. Bolti ya nusu inchi ni milimita 12.7, kijana huishika kwa spana ya 13, inateleza, kona za bolti zinalika, na baada ya hapo anasema Landrover ni gari bovu. Mzee hurekebisha tapeti kwa uwazi wa inchi 0.010, anapanga waya za plagi kwa mfuatano wa 1-3-4-2, kisha anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni. Siku moja alinizuia mkono nilipotaka kukaza kabureta. “Mwalimu, ngoja kwanza,” akaniambia. “Isikilize inataka nini.”

Elimu ya mzee huyu haiko kwenye kitabu ambacho kijana wa hapa anaweza kukiazima. Iko kwenye vidole vyake, na inaishi kwa sababu bado kuna injini ya kuifanyia kazi. Ukiing'oa injini, unamnyima mzee sababu ya kufundisha na kijana sababu ya kujifunza. Tena injini ya Toyota haiingii hivihivi. Mikono ya kushikilia injini inakatwa kwenye chesisi, giaboksi inaunganishwa kwa kipande cha kuchonga, propela shafti inafupishwa au kurefushwa, na namba ya injini kwenye kadi ya gari inabidi ibadilishwe. Hiyo ndiyo njia inayoitwa rahisi.

Najua hoja ya upande wa pili. Injini hii inakunywa petroli: lita moja kwa kilomita sita hivi. Ni kweli, na mwenye gari la kazi asiteseke. Ila gari la kumbukumbu halina safari ya Dar es Salaam kila wiki. Spea zake, kuanzia gasketi hadi pampu ya maji, bado zinatengenezwa, na Arusha, mji uliolelewa na Landrover za watalii kabla ya Land Cruiser kutawala, bado ina mafundi wanaozijua.

Kwa nini nihangaike hivi? Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yanatunza magari aliyoyatumia Mwalimu Nyerere, na ni jambo jema. Mashujaa wa vita vya Kagera wamelala Kaboya, na taifa linawakumbuka. Lakini majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovamia mwaka 1978 na kulipua daraja la Kyaka, vita vile havikuendeshwa na wapiga mizinga peke yao. Kulikuwa na madereva na makenika waliosukuma magari kwenye matope ya Kagera. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kwenda kubeba askari na chakula. Hadi Kampala inaangushwa Aprili 11, 1979, kuna watu waliokuwa wamefungua injini gizani kwa tochi na kuzifunga tena kabla ya alfajiri. Watu hao hawana mnara. Kazi yao inasomeka kwenye vyuma walivyovishika, na vyuma hivyo tunaviuza kwa kilo.

Natoa maombi matatu. Kwanza, taasisi zinazouza magari chakavu ya serikali kwa mnada ziyauze mazima, yakiwa na madaftari yake ya matengenezo kila inapowezekana bila kuhatarisha usalama wa nchi. Ukurasa mmoja tu unaoonyesha gari lilinunuliwa lini na lilipita karakana zipi una thamani zaidi kwa mwanahistoria kuliko taa mpya. Pili, vyuo vya ufundi vya VETA viwaalike wazee hawa wafundishe, na darasa lirekodiwe, wakiwa bado na nguvu ya kushika spana. Tatu, nawe uliye na Landrover, Bedford au gari lolote la jeshi shambani kwako, usilikate. Lifunike turubai, liinue juu ya matofali ili chesisi isiguse ardhi, kisha mtafute mzee aliyewahi kulifungua. Mwulize kila anachokijua, na mpe kijana wako spana za inchi akae karibu naye.