Ghururi ya Punguzo kwa Mwenye Magari Mawili

Ipo itikadi iliyoota mizizi hapa Lisekese, ikaenea Masasi yote na kupanda mteremko hadi Newala, ama labda ilizaliwa Newala ikateremka kuja kwetu, kwani katika mambo ya namna hii hakuna ajuaye nani alimwambukiza nani: kwamba mtu aliyejaaliwa kununua gari la pili hawezi kulikatia bima kwa bei iliyo ndani ya uwezo wake, madhali lile punguzo alilolichuma kwa miaka kadhaa ya kutodai fidia limebaki kwenye gari la kwanza wala haligawanyiki. Watu wazima wenye busara, ambao katika kununua shamba la mikorosho hawatoi hata senti kabla ya kuhesabu shina kwa shina, huipokea itikadi hii bila ya kuidai ithibati, kisha kwa ajili yake hutenda mambo ambayo, lau wangeona jirani anayatenda, wangemdhania jirani huyo kuwa amepungukiwa na akili. Mimi nasema kinyume chao. Punguzo hilo, kwa mwenye magari mawili katika nchi hii, ni jambo dogo mno, na anayelililia hupitwa na mambo makubwa yaliyo mbele ya macho yake.

Tuanze na msimu, kwa sababu kwetu magari hufuata msimu kama kila kitu kingine. Mwezi wa Oktoba minada ya korosho inapofunguliwa, na fedha ikaanza kushuka kutoka vyama vikuu vya ushirika, MAMCU kwa upande wetu na TANECU kwa wenzetu wa Newala na Tandahimba, kupitia vyama vya msingi, AMCOS, hadi akaunti za wakulima, mwenye gari moja huona kwamba wakati wa la pili umewadia: Noah kwa ajili ya familia, au Probox, au Canter iliyochoka kidogo kwa ajili ya magunia na salfa. Nani asiyekumbuka msimu wa 2017/18, kilo ilipovuka shilingi 4,000 mnadani? Gari hununuliwa kwa furaha na haraka. Bima huja mwisho, fedha imekwisha kupungua, na hapo ndipo wakala au rafiki wa wakala anapotamka lile neno la punguzo, na mnunuzi akashika kichwa.

Sasa na tutazame hesabu, maana itikadi hii haipendi hesabu. Bima ndogo, yaani ile ya kumkinga mtu wa tatu, ambayo Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, imeilazimisha kwa kila gari litumikalo barabarani, ina kiwango cha chini kilichowekwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwa kuangalia aina ya chombo na matumizi yake. Gari dogo la binafsi hulipiwa shilingi 100,000, na ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hupatikana ile 118,000 ambayo kila mwenye gari anaifahamu. Kiwango hicho hakitofautishi gari la kwanza na la pili, wala aliyeendesha miaka kumi bila ajali na aliyepata leseni juzi. Basi mtu ambaye gari lake la pili ni kuukuu, na ambaye tangu mwanzo hakukusudia kulikatia ila bima ndogo, analia juu ya punguzo lipi? Nimewasikia wengi wakilalama hivyo, na karibu wote walikuwa wakinunua bima ndogo.

Bima kubwa, yaani ile inayolikinga na gari lenyewe, ndiyo yenye nafasi ya kujadiliana. Hiyo kwa gari la binafsi hukadiriwa aghalabu kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Tuchukue gari la shilingi milioni 12: ada yake ni 420,000, na kodi 75,600, jumla 495,600. Tuseme kampuni ingemtendea mwenye gari hisani ya kumpunguzia robo nzima. Angelipa 371,700, na tofauti ni 123,900. Sisemi kwamba fedha hiyo ni takataka. Ni ada ya mtoto shuleni, ni dawa ya mikorosho. Nasema tu kwamba huo ndio ukubwa wote wa msiba anaoulilia, na ni vema tuushike mkononi kabla ya kutazama anachokifanya ili kuukwepa.

Anachokifanya kwanza ni kuishusha thamani ya gari kwenye fomu. La milioni 12 huandikwa la milioni 8, na ada ikashuka hadi 330,400. Mwenyewe huondoka akijipongeza kwa kuokoa 165,200, zaidi hata ya punguzo alilonyimwa. Hajui, au hataki kujua, kwamba bima nyingi zina sharti la uwiano: aliyekata bima kwa theluthi mbili ya thamani hulipwa theluthi mbili ya hasara, hata kama hasara yenyewe ni ndogo. Gari likibondwa kwa milioni 3, kampuni itatoa milioni 2, na milioni iliyobaki itatoka katika mfuko uleule uliodhani kwamba umeokoa. Kampuni haikumdhulumu, imeshika neno aliloliandika mwenyewe.

La pili ni baya zaidi, nalo ni letu hasa, sisi Wamakua, Wamakonde na Wayao, ambao kwa mila zetu mjomba ndiye nguzo ya ukoo. Mjomba ana gari la zamani lisilopata ajali, na jina lake kwenye daftari la kampuni ni safi. Basi mpwa hushauriwa aliandikishe gari lake jipya kwa jina la mjomba ili lile punguzo limfunike. Mtu hujiona amefanya hila ya halali, na wakala naye amepata kamisheni yake, wote wawili wakaagana kwa amani. Lakini msingi wa mkataba wa bima ni kwamba anayekata bima sharti awe na maslahi katika kitu chenyewe, yaani kitu hicho kikiteketea yeye ndiye apate hasara. Na msingi wa pili ni kwamba aseme kweli tupu katika kila linaloulizwa. Gari likiungua pale njiani karibu na Ndanda, mkaguzi wa kampuni atauliza maswali mepesi: nani alilipa fedha za ununuzi, nani hulala na ufunguo, nani huliendesha kila siku? Jibu likiwa mpwa katika yote matatu, mpwa hana mkataba na kampuni, na mjomba hana hasara ya kulipwa. Wala tusisahau kwamba mjomba naye ni mtu wa kufa, na siku akifa wapwa ni wengi, na kadi ya gari ina jina la marehemu. Nani kati yao atakayeamini kwamba gari lilikuwa la yule mmoja tu?

Kasoro hiyohiyo imo, kwa sura nyingine, katika magari mengi tunayouziana mkononi huku kadi ikibaki kwa jina la mwenye gari wa kwanza wa Dar es Salaam, kwa sababu mnunuzi aliona taabu kwenda Mamlaka ya Mapato, TRA, kuhamisha umiliki. Hapo bima hufuata jina la mtu aliyekwisha kula fedha zake na kusahau kwamba gari hilo lipo. Gharama ya kuhamisha jina ni sehemu ya bei ya gari la pili, na asiyeihesabu hajamaliza kulinunua.

Nitaulizwa: je, punguzo la kutodai ni uongo mtupu? Hasha. Ni kaida kongwe, na kuna nchi ambako lina uzito mkubwa. Ndugu zetu walioko Uingereza, katika Leicester au London, wanalihesabu kama mali, kwani huko ada hupangwa kwa umri wa dereva, mtaa linapolala gari na historia ya ajali, na aliyekaa miaka mitano bila kudai anaweza kupunguziwa zaidi ya nusu. Huko pia punguzo la mkataba mmoja halitumiki kwa gari jingine kwa wakati mmoja, isipokuwa kampuni ikikubali kuliigiza, na kwa hiyo gari la pili linaweza kuanza na ada ya kutisha. Malalamiko yao ni ya haki. Lakini itikadi inayosafiri kwa simu kutoka Leicester haifai kuvishwa juu ya Noah ya Lisekese, ambayo ada yake huanzia kwenye kiwango kilichopangwa kwa aina ya chombo, wala hakuna anayeuliza kama inalala kata ya Mkuti au ya Migongo.

Kadhalika punguzo hilo, likipendwa kupita kiasi, humfanya mtu ameze hasara ambayo kampuni ilikwisha kulipwa ili iibebe. Yapo madai madogo ya kuachwa. Kioo cha taa cha laki mbili nisingekidai, kwa sababu ya usumbufu na kwa sababu kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba humbebesha mwenye gari kingeweza kukila chote. Lakini mtu anayejilipia milioni mbili za bodi ili asipoteze punguzo la laki na ushei anaifanyia kampuni kazi ya hisani, na kampuni haitampelekea hata barua ya shukrani.

Basi unafuu wa gari la pili uko wapi? Kwanza uko katika kuamua gari lipi lina haki ya bima kubwa. Kama mojawapo ni kuukuu kiasi kwamba likiharibika kabisa utasikitika lakini hutafilisika, likatie bima ndogo, au ile ya katikati yenye kuongeza moto na wizi, na fedha iliyobaki iweke kwa ajili ya matengenezo yake. Lile ambalo umelinunua kwa jasho la misimu mitatu ndilo likatiwe kubwa, kwa thamani yake ya kweli. Kuyakatia yote mawili bima kubwa kwa fahari, kisha kulia kwamba ni ghali, ni kujitakia. Magari mawili yakiwa kwa kampuni moja, una sababu ya kuomba nafuu kwa kuwa umeleta biashara mara mbili, na ombi hilo halihitaji ushahidi wa miaka uliyokaa bila ajali. Na tarehe za kumalizika kwa bima hizo uzisogeze ziangukie kati ya Novemba na Januari, hata ikikubidi kupoteza wiki kadhaa za bima ya zamani, maana bima inayokwisha Aprili, wakati mfuko wa mkulima wa korosho umekauka, hukaa bila kukatwa tena mpaka Oktoba, na miezi hiyo sita gari haliachi kutembea.

Lakini kuliko yote hayo, unafuu na hasara vimo katika neno la matumizi. Noah imeandikwa ya binafsi, ilhali siku ya gulio inabeba abiria kwa nauli. Canter imeandikwa ya kubebea mali ya mwenyewe, ilhali inapeleka magunia ya jirani wanne ghalani kwa malipo. Hapa ada ya gari la biashara ni kubwa zaidi, na hiyo ndiyo tofauti ya kweli ambayo mwenye magari mawili anapaswa kuipigia hesabu, wala si punguzo. Akiamua kwamba moja ni la biashara na jingine la nyumbani, na akashika mpaka huo kwa uaminifu, atalipa ada kubwa kwa moja tu. Akiyachanganya na kuyaandika yote ya binafsi, amenunua mikataba miwili ambayo kila mmoja una mlango wa kampuni kutokea.

Wala jambo hili si la mwenye gari peke yake. Barabara zetu zina waenda kwa miguu wengi, wanawake wenye mizigo kichwani, watoto watokao shule, bodaboda zisizo na taa; atakayegongwa na gari la pili ndiye mtu wa tatu ambaye sheria ilimkusudia, naye hujikuta hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda akisubiri kujua kama stika ya gari hilo ilikuwa ya kweli. Sheria imeiwajibisha kampuni kuilipa hukumu ya mahakama kwa ajili yake, lakini haiwezi kuiwajibisha kampuni ambayo haikupata kutoa stika hiyo. Kuhakiki ni kazi ya dakika chache: namba ya gari huingizwa katika mfumo wa TIRA, na mfumo husema kama bima ipo na inakwisha lini. Aliyenunua stika ya bei poa stendi kwa mtu asiye na ofisi, kwa kuwa eti gari la pili halistahili gharama, mikorosho yake ndiyo itakayosimama mahali pa kampuni siku dalali wa mahakama atakapokuja.

Na huyo wakala aliyekwambia kwamba jina la mjomba litakuletea punguzo, usigombane naye. Mpe kalamu, umwombe aandike kwenye karatasi yenye mhuri wa kampuni yake kwamba gari lililonunuliwa na mpwa, linaloendeshwa na mpwa na kulala kwa mpwa, litalipwa fidia kwa jina la mjomba. Kisha kaa kitini usubiri atie sahihi.