Wachezaji Wapewe Siku za Kuzoea

MCHEZO wa gofu wa kulipwa hauna tena mipaka. Mchezaji anayeshindana Dubai mwezi Januari huweza kuwa California mwezi Februari, na ifikapo Julai akawa Uingereza. Watazamaji huona fimbo, mpira na hundi ya mshindi. Kinachosahauliwa ni mwili wa binadamu, ambao hurushwa kwa ndege kutoka bara moja hadi jingine kisha ukatakiwa kufanya kazi kana kwamba haukutoka nyumbani.

Yafaa mambo mawili yatenganishwe. Uchovu wa kukaa kwenye ndege ni jambo moja. Kuvurugika kwa saa ya mwili ni jambo jingine. Atokaye London kwenda Nairobi mwezi Machi husafiri kwa saa nyingi, lakini tofauti ya majira ni saa 3 tu. Usingizi wa usiku mmoja au miwili huweza kumrudishia nguvu zake. Atokaye Los Angeles kwenda London huvuka tofauti ya saa 8, na huyo hakomboleki kwa usingizi wa usiku mmoja.

Sayansi imekwisha kulieleza jambo hili. Mwaka 1978 haukuwa na majibu tuliyo nayo leo. Lakini mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kufichua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe hai. Saa hiyo huongozwa hasa na mwanga, na kwa kawaida hujirekebisha kwa kiasi cha saa moja kwa siku. Kwenda mashariki ni kugumu zaidi kuliko kwenda magharibi, kwa sababu mwili hulazimishwa kulala kabla ya wakati uliouzoea.

Hapo ndipo ilipo dhuluma ya ratiba. Mashindano ya kawaida ya gofu huchukua siku 4 na mashimo 72. Baada ya mashimo 36 wachezaji walioachwa nyuma huondolewa, na kwa kawaida huondoka bila zawadi yoyote. Mchezaji aliyetua Jumatatu huanza kucheza Alhamisi, na hatima yake huamuliwa Ijumaa. Kwa maneno mengine, riziki yake hupimwa katika siku zile zile ambazo mwili wake haujafika.

Mfano mzuri ni wa Desemba 2019. Wachezaji wengi wa timu ya Marekani walimaliza mashindano huko Bahamas tarehe 7, wakasafiri kwa zaidi ya saa 20 hadi Melbourne, Australia, na tarehe 12 wakaanza kugombea Presidents Cup dhidi ya timu ya mataifa mengine yasiyo ya Ulaya. Tofauti ya majira kati ya mahali hapo pawili ilikuwa saa 16. Saa 9 alasiri ya Melbourne ilikuwa saa 5 usiku ya Bahamas. Baadhi ya wapinzani wao walikuwa wametoka kucheza Sydney, ambako majira ni yale yale. Siku ya kwanza Marekani ilishindwa kwa pointi 4 kwa 1. Siku ya mwisho ilizinduka, ikapata pointi 8 kwa 4, na kutwaa kombe kwa jumla ya 16 kwa 14. Haitakuwa haki kudai kwamba safari peke yake ndiyo iliyoamua mambo hayo. Lakini hakuna mwalimu mwenye busara ambaye angechagua kumtahini mwanafunzi wake katika hali hiyo.

Wapo watakaosema kwamba gofu ni mchezo wa matajiri wenye ndege zao binafsi. Ndege binafsi humwondolea mtu foleni, haimwongezei siku. Zaidi ya hayo, wengi wanaocheza gofu kwa riziki hawana ndege. Hujilipia nauli na malazi, na kila siku ya kuwahi ni gharama inayowatoka mfukoni. Tajiri huweza kununua wiki nzima ya kuzoea. Mnyonge hufika usiku na kucheza asubuhi.

Kwa hiyo wapangaji wa kalenda za gofu hawana budi kuyapanga mashindano kwa kufuata ukanda, ili mchezaji asirushwe huku na huko kila wiki. Viongozi wa michezo yote, pamoja na walimu wanaoandaa timu, nao wahesabu siku za kuzoea kuwa sehemu ya maandalizi, wala wasizione kuwa anasa ya kufutwa kwanza bajeti inapobanwa. Kuokoa gharama ya hoteli ya siku tatu na kupoteza matayarisho ya mwaka mzima si kubana matumizi. Ni ubadhirifu.

Wahenga walinena, kawia ufike. Mchezaji wa leo hufika bila kukawia. Kilichobaki ni kuusubiri mwili wake nao ufike.