Usiseme "Sijambo" Mbele ya Mpimaji

KIBARAZANI
Na Mwanaisha Bakari

Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili tuna maradhi yasiyo na dawa: hata tukiwa hoi kitandani, tukiulizwa "hujambo?" tunajibu "sijambo". Huku Uingereza, jibu hilo laweza kumkosesha mtu posho yake.

Mwaka juzi nilimsindikiza jirani yangu, mama wa Kimombasa aliyepindukia miaka 60, kwenda kupimwa ulemavu ili apate PIP, posho ya wenye ulemavu na maradhi ya muda mrefu. Nilikwenda kama mkalimani na mbeba mkoba. Baridi yabisi imemkunja vidole, hata kikombe cha chai hukishika kwa viganja viwili kama bakuli la uji. Aliyetupokea alikuwa muuguzi, mwajiriwa wa kampuni binafsi. Akauliza kwa upole, "Habari za leo?" Mama akatabasamu: "Sijambo mwanangu, alhamdulillahi." Nami, mjinga, nikatafsiri kama nilivyosikia. Muuguzi akaanza kugonga kibodi.

Alimuuliza maswali kwa dakika 40, macho kwenye kompyuta. Wiki chache baadaye ripoti ikafika: mhusika ni mchangamfu, hakuonekana kuwa na maumivu, alibeba mkoba wake mwenyewe. Mkoba niliubeba mimi. Alipewa alama 4, na posho hiyo haianzi kutolewa chini ya alama 8.

Ningeyaita hayo bahati mbaya ya mama wa watu, kama Bunge la Uingereza lenyewe lisingekuwa limesikia makubwa zaidi. Kamati ya Kazi na Pensheni, chini ya uenyekiti wa Frank Field, ilipofungua mlango wa malalamiko, karibu watu 4,000 waliandika. Ripoti yake ya Februari 2018 inasikitisha na kuchekesha kwa pamoja. Kuna mwanamke aliyeandikiwa kwamba humtembeza mbwa wake kila siku, ilhali kutembea kwenyewe ni taabu na mbwa hana. Mwingine aliandikiwa kwamba aliinuka kitini bila shida, naye mahojiano yote alikuwa amelala kitandani, na kiti pekee chumbani alikikalia mpimaji. Kamati ilihesabu kwamba tangu 2013, maombi 290,000 yalipata jibu sahihi baada tu ya mwombaji kupinga jibu la kwanza.

Kwa nini haya hayakomi? Kwa sababu serikali ilipoikodisha kazi ya kupima, ilikodisha na lawama. Kampuni inaandika ripoti, ofisa wa Wizara ya Kazi na Pensheni ambaye aghalabu hajamtia mwombaji machoni anakata shauri. Ukimwuliza ofisa, anasema alifuata ripoti. Ukiiuliza kampuni, inasema uamuzi ni wa wizara. Mgonjwa anabaki katikati kama mpira.

Kampuni zenyewe zinapokezana tu. Atos ya Ufaransa ilipima watu kwa miaka. Mwaka 2012, ikiwa mdhamini wa Michezo ya Paralimpiki iliyofanyika London, watu wenye ulemavu waliandamana mbele ya ofisi zake. Mwaka 2014 ilikubali kuuacha kabla ya wakati mkataba wa kupima uwezo wa kufanya kazi, na 2015 Maximus ya Marekani ikaurithi. Kupima kwa ajili ya PIP, Atos iliendelea nako, pamoja na Capita. Mikataba mipya ilipoanza 2024, Serco na Ingeus nazo zikapata fungu.

Na wanasiasa? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kipimo cha uwezo wa kufanya kazi kililetwa na chama cha Labour mwaka 2008. PIP ikaletwa 2013 na serikali ya mseto ya Conservative na Liberal Democrats. Labour ikarudi madarakani, na Machi 2025 ikatangaza kwamba ili kupata PIP ya mahitaji ya kila siku, mtu atapaswa kupata walau alama 4 katika shughuli moja. Shabaha ilikuwa kuokoa kama pauni bilioni 5 kwa mwaka. Wabunge zaidi ya 120 wa chama hichohicho walitia saini kupinga, na tarehe 1 Julai serikali ikalazimika kutangaza kwamba itaking'oa kifungu hicho mjadala ukiendelea, suala likakabidhiwa waziri Stephen Timms alipitie upya. Nawapa heko waliogoma. Lakini ugomvi ulikuwa juu ya idadi ya alama. Anayezihesabu, na anavyozihesabu, hakuwakosesha wengi wao usingizi.

Sisemi posho igawiwe kama pilau ya harusini. Fedha ni za walipa kodi, na kupima lazima kuwepo. Ila kupima ni kutazama. Mama alikata rufaa, akangoja miezi 14 akiishi kwa mikopo ya jamaa. Siku ya siku alikaa mbele ya watu watatu: jaji, daktari na mjuzi wa masuala ya ulemavu. Daktari hakuuliza habari za leo. Alisema, "Nionyeshe mikono yako." Akaitazama. Haikufika nusu saa, mama akashinda. Hana upekee: katika rufaa za PIP zinazosikilizwa, zaidi ya nusu huishia kwa mwombaji kushinda, na kuna miaka iliyofika 7 kati ya 10. Yule aliyeandika habari za mkoba hakuwepo siku hiyo kueleza lolote.

Basi wasomaji wangu mlioko huku, msiingoje siasa. Mkiitwa kupimwa, ombeni mapema kikao kirekodiwe sauti. Nendeni na mtu wa kushuhudia. Mkinyimwa, pingeni ndani ya mwezi mmoja, na wizara ikishikilia msimamo, nendeni mbele kwenye rufaa. Na mkiulizwa hali mle chumbani, wekeni adabu ya kwetu kando kwa saa moja. Semeni mlivyolala, mlivyoamka, na nani aliwafunga vifungo vya nguo. "Sijambo" tutaambiana nje.