Mpiga Ramli Hajawahi Kumwachia Mtu

Panapotokea mauaji katika vijiji vya Kishapu, kabla askari hawajafika kutoka Mhunze, kauli ileile husikika msibani: "Aliyeua anajulikana, maabara ya nini?" Husemwa na watu wazima mbele ya vijana, na hakuna anayeipinga. Naipinga mimi. Kauli hiyo imewatanguliza kaburini vikongwe wengi wa Usukuma ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Waliowakata mapanga nao walikuwa na uhakika.

Ubaya wa ramli ni kwamba haina namna ya kushindwa. Lambalamba, yaani mganga wa kufichua wachawi, akishamtaja mtu, hakuna kitu duniani kinachoweza kumkanusha, na akiingia kijijini hatoki bila kupata mchawi. Mtaalamu wa uchunguzi wa kisayansi haanzi na jina. Doa hili kwenye shati la mtuhumiwa ni damu kweli? Ni ya mtu, au ya mbuzi aliyechinjwa mnadani? Kama ni ya mtu, vinasaba vyake ni vya marehemu? Kila swali hapo lina jibu linaloweza kumfungua mtu pingu. Maiti ikitolewa kwenye nyumba iliyoungua, daktari akikuta masizi ndani ya koo la hewa anajua marehemu alikuwa akipumua moto ulipowaka. Asipoyakuta, ana sababu ya kushuku kwamba aliuawa kwanza, nyumba ikachomwa ili kuficha. Mchimbaji wa Geita akifia ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, watasema katolewa kafara ili dhahabu itoke. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kwamba kilichomuua ni moshi wa pampu ya maji. Basi wa kuhojiwa ni mwenye duara aliyewasha injini chini ya ardhi, wala si bibi wa mji wa pili.

Vinasaba vilipotumika kwa mara ya kwanza katika kesi ya mauaji, huko Leicestershire, Uingereza, mwaka 1986, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumsafisha kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekwisha kukiri. Polisi walikuwa na maungamo yake mkononi, na kipimo kikakataa. Muuaji halisi, Colin Pitchfork, alihukumiwa mwaka 1988. Nitajieni mpiga ramli mmoja aliyewahi kusema: huyu mnayemshika siye, mwacheni. Januari 2015 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, alitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, na hata hivyo bado tunawakabidhi kazi ya upelelezi.

Wapo wanaosema maabara iko mbali. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi Mwanza, ilhali lambalamba huletwa kutoka mikoa mingine kwa mchango wa kila kaya, kaya zilezile zinazolalamika zikiombwa mchango wa zahanati. Wengine hutuletea Sungusungu, walinzi wa jadi: eti walikomesha wizi wa ng'ombe miaka ya 1980 bila darubini. Ni kweli walikamata wezi, na waliwakamata kwa kufuata nyayo, jambo ambalo kila mtu aliweza kuinama akalihakiki mwenyewe. Huo ni ushahidi. Walipoacha nyayo na kwenda kwa mganga, waliofukuzwa vijijini walikuwa wanawake wazee.

Anayesema muuaji anajulikana ndiye pia anayeharibu ushahidi, kwa kuwa haoni cha kulinda. Umati unakanyaga eneo zima, panga linapita mikono ishirini, maiti inaoshwa kabla daktari hajaiona, nguo yenye damu inafungwa mbichi kwenye mfuko wa plastiki hadi inaoza pamoja na vinasaba vyake. Mwenyekiti wa kijiji angeweza kuyazuia yote hayo kwa kamba na wanamgambo wawili. Asipofanya hivyo, kesi inafika mahakamani ikiwa na maneno ya majirani tu, inaanguka, na kijiji kizima kinaituhumu mahakama kwa rushwa ilhali ushahidi ulikanyagwa na wanakijiji wenyewe.